ALAMA NA SURA: HISTORIA FUPI YA PROGRAMU ZA KUSANIFU KURASA ZA WAVUTI, NA FUNZO LAKE KWA WAUNDAJI WA ISTILAHI

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya programu za kompyuta zilizomwezesha mtu asiye mtaalamu kusanifu na kujenga tovuti kwa kutazama na kupanga, badala ya kuandika alama moja moja kwa mkono. Huenda msomaji akashangaa kulikuta jambo hili katika kurasa zinazoshughulikia istilahi. Walakini, yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha kusanifu istilahi za kompyuta atakubali kwamba tatizo letu kubwa si uhaba wa maneno. Maneno Kiswahili kinayo. Tatizo ni kwamba aghalabu tunakipa jina kitu ambacho tumeiona sura yake tu, ilhali kazi yake hatujaijua. Historia itakayoelezwa hapa ni ya tatizo hilohilo kama lilivyowakuta mafundi wa kompyuta, na yafaa tuitazame ili tujifunze kutokana na makosa yao na yetu.

2. Mikondo miwili

Zamani, mhariri aliyepeleka mswada wa kitabu kwa mpiga chapa alikuwa na desturi ya kuandika alama pembeni mwa karatasi: hapa pawe na kichwa, hapa herufi ziwe za mlazo, hapa ianze aya mpya. Alama hizo hazikuwa sehemu ya maneno ya mwandishi, bali zilikuwa maagizo kwa fundi. Wataalamu wa kompyuta waliirithi desturi hiyo. Mwaka 1969 Charles Goldfarb na wenzake wawili katika kampuni ya IBM, nchini Marekani, walianza kuunda lugha ya alama ambayo haikueleza herufi ziwe na ukubwa gani. Ilieleza kila sehemu ya maandishi ni kitu gani. Hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa lugha ya SGML, ambayo ilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986.

Wakati huohuo ulikuwapo mkondo wa pili. Katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, huko Palo Alto, California, Butler Lampson, Charles Simonyi na wenzao walitengeneza mwaka 1974 programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo. Mtumiaji wa Bravo aliyaona maandishi kwenye kioo cha kompyuta yakiwa na sura ileile ambayo yangekuwa nayo yakisha kupigwa chapa. Njia hii ya kufanya kazi ikapewa jina la mkato la WYSIWYG, ambalo maana yake kwa Kiswahili ni "uonacho ndicho upatacho". Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ilitoa programu ya PageMaker, nayo ikawawezesha watu wenye kompyuta ndogo kupanga kurasa za magazeti na vitabu mezani mwao, kazi ambayo hapo kwanza ilihitaji karakana nzima.

Basi, mikondo hii miwili ilikuwa na maswali mawili tofauti. Wa kwanza uliuliza: "Kitu hiki ni nini?" Wa pili uliuliza: "Kitu hiki kinaonekanaje?" Tutaona kwamba historia yote inayofuata ni historia ya mvutano baina ya maswali hayo.

3. Mwanzo wa wavuti, 1990 hadi 1993

Wavuti ulizaliwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na mji wa Geneva, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Mwingereza Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake la kwanza mwezi Machi 1989, na kufikia mwisho wa mwaka 1990 alikuwa na programu iliyofanya kazi katika kompyuta aina ya NeXT. Lugha aliyoibuni kwa ajili ya kurasa hizo, yaani HTML, ilichukua mfano wa SGML.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba programu hiyo ya kwanza haikuwa ya kusomea tu. Ilikuwa ya kusomea na kuandikia pia. Mtu aliyefungua ukurasa aliweza kuurekebisha papo hapo, akaongeza maneno yake, na akaufunga na ukurasa mwingine kwa kiungo, bila kuziona alama za HTML. Kwa fikira za Berners-Lee, msomaji na mwandishi walikuwa mtu mmoja.

Kwa bahati mbaya kompyuta za NeXT zilikuwa chache na za ghali. Mwaka 1991 Nicola Pellow, aliyekuwa mwanafunzi hapo CERN, aliandika kivinjari sahili kilichoweza kutumika katika kompyuta za aina nyingi. Lakini hicho kiliweza kusoma tu. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba mtu yeyote yu huru kuutumia wavuti bila malipo. Mwaka huohuo Marc Andreessen na Eric Bina, katika Chuo Kikuu cha Illinois, walitoa kivinjari cha Mosaic. Mosaic kilionyesha picha na maandishi pamoja, kikapendwa mno na kuenea upesi. Lakini nacho hakikuwa chombo cha kuandikia kurasa. Hivyo msomaji na mwandishi wakatengana. Aliyetaka kuandika ukurasa alilazimika kujifunza alama, na kuzipanga mwenyewe kwa mkono.

Hata hivyo, alama zenyewe zilikuwa chache, na vivinjari vilikuwa na fadhila moja kubwa: vilimruhusu msomaji kufunua ukurasa na kuzitazama alama zilizoujenga. Mamia ya maelfu ya watu walijifunza kwa njia hiyo, kama afanyavyo mwanagenzi anayekaa karibu na fundi na kuutazama mkono wake.

4. Programu za kusanifu kwa macho, 1995 hadi 1997

Biashara ilipoingia katika wavuti, wengi hawakuwa na subira ya kujifunza alama. Hapo ndipo mkondo wa "uonacho ndicho upatacho" uliporudi kwa nguvu. Mwaka 1995 kampuni ya Adobe ilitoa PageMill. Mwaka huohuo kampuni changa iitwayo Vermeer Technologies, iliyoanzishwa na Charles Ferguson na Randy Forgaard huko Massachusetts, ilitoa FrontPage. Mwezi Januari 1996 kampuni ya Microsoft iliinunua Vermeer kwa kiasi cha dola milioni 130. Jina la Vermeer likafutika sokoni, lakini herufi zake hazikufutika: kwa miaka mingi baadaye, tovuti zilizotumia FrontPage ziliendelea kubeba ndani yake majalada yenye majina yanayoanza kwa "_vti_", yaani Vermeer Technologies Incorporated. Sisi tunaoshughulika na istilahi hatuna haja ya kushangaa. Jina likisha kuingia katika msingi wa nyumba, mwenye nyumba akibadilika lenyewe hubaki.

Mwezi Desemba 1997 kampuni ya Macromedia ya San Francisco ilitoa Dreamweaver. Programu hii ilikuja na shauri la busara. Programu nyingine zilikuwa na tabia ya kuzivuruga alama alizoziandika mtu kwa mkono. Dreamweaver iliahidi kuziacha kama zilivyo. Aidha, baadaye ilimwezesha mwanafunzi kukigawa kioo cha kompyuta sehemu mbili, upande mmoja sura ya ukurasa na upande wa pili alama zake. Akiburuta picha upande huu, aliona alama ikiandikwa upande ule. Kwa mwanafunzi mwenye udadisi, hilo lilikuwa darasa zuri sana.

Haitakuwa haki kuzibeza programu hizi. Ni hizo zilizomfungulia mlango mwalimu, katibu wa chama cha ushirika, mwenye duka na mwanafunzi, wakaweza kuwa na ukurasa wao bila kumlipa mtaalamu.

5. Sura inapotawala

Tatizo lilianzia mahali pasipotarajiwa. Lugha ya HTML ilikuwa na alama za kuundia jedwali, na makusudi yake yalikuwa kupanga takwimu katika safu. Wasanifu waliozoea kupanga kurasa za magazeti waligundua kwamba jedwali lisilo na mistari linaweza kutumika kuukata ukurasa mzima vipande, kipande hiki kwa picha, kile kwa maneno. Mwaka 1996 Mmarekani David Siegel alitoa kitabu kilichowafundisha wasanifu mbinu hiyo, pamoja na hila ya kupenyeza picha ndogo isiyoonekana ili kusukuma maneno mahali panapotakiwa. Programu za kusanifu kwa macho ziliichukua njia hiyo. Mtumiaji aliburuta sanduku, na programu ikaandika majedwali ndani ya majedwali kwa niaba yake, wala yeye hakujua.

Dawa ilikwisha kupendekezwa. Mwezi Oktoba 1994 Mnorwe Håkon Wium Lie, akiwa CERN, alitoa shauri kwamba sura itengwe na maandishi: alama za HTML ziseme kila kitu ni nini, na maagizo ya sura, yaani rangi, ukubwa na nafasi, yaandikwe kando. Shauri hilo ndilo lililokuwa CSS, na toleo lake la kwanza lilikubaliwa rasmi Desemba 1996. Lakini vivinjari vya wakati ule vililitekeleza nusunusu, kila kimoja kwa namna yake, na kwa hiyo majedwali yaliendelea kutawala kwa miaka mingi. Mwezi Mei 1999 ulitolewa mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya kurasa zifikiwe na watu wenye ulemavu, nao ulitahadharisha waziwazi dhidi ya kutumia majedwali kwa ajili ya kupanga sura. Waliousikiliza walikuwa wachache.

6. Kisa kimoja

Naomba msomaji aniruhusu nieleze jinsi jambo hili lilivyonifika mwenyewe.

Nilijifunza kujenga tovuti mwaka 2012, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa kutumia programu ya kusanifu kwa macho. Nilijifunza upesi, na nilijiona hodari. Miaka michache baadaye, nikiwa kazini, nilipewa jukumu la kutayarisha ukurasa wenye orodha ya istilahi za kilimo. Niliupanga kwa majedwali. Vichwa nilivifanya kwa kuchagua herufi kubwa na nzito. Ukurasa ulipendeza, na wenzangu wakanipongeza.

Haukupita muda mrefu akatujia ofisini mwalimu mmoja mstaafu asiyeona, ambaye alikuwa akiitumia orodha yetu katika kazi ya kutafsiri. Alikuja na kompyuta yake, yenye programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye kioo. Akanitaka nisikilize. Mashine ilitangaza jedwali, kisha jedwali ndani ya jedwali, kisha ikatamka majina ya mafaili ya picha ndogo nilizozitumia kusukuma nafasi, moja baada ya jingine. Istilahi ya kwanza ilisikika baada ya dakika nzima. Na tafsiri yake haikuifuata, kwa sababu ilikuwa katika safu nyingine.

Nilisema, "Mwalimu, samahani sana. Kwa macho ukurasa umepangika vizuri."

Akajibu kwa upole, "Mwanangu, nyumba umeipaka rangi nzuri, hata mimi nimeambiwa. Lakini mlango uko wapi?"

Mtu asiyeona, ndugu msomaji, hausomi ukurasa mzima neno kwa neno. Humwagiza msomaji wake wa mashine aruke kutoka kichwa hadi kichwa, kama wewe unavyopitisha jicho. Ukurasa wangu haukuwa na kichwa hata kimoja. Ulikuwa na maneno makubwa tu. Jicho lilidanganyika likadhani ni vichwa. Mashine haikudanganyika, kwa kuwa inasoma alama.

Nilitumia wiki mbili kuujenga upya. Kwa mara ya kwanza nilifunua upande wa alama na kuusoma mstari kwa mstari. Kichwa nikakiita kichwa, orodha nikaiita orodha, jedwali nikaliacha mahali pale tu palipokuwa na safu za istilahi na tafsiri zake, na mambo ya rangi na nafasi nikayapeleka kando. Kwa macho ukurasa ulibaki karibu vilevile. Siku chache baadaye mwalimu alinipigia simu. Hakuusifu ukurasa hata kidogo. Alinisahihisha istilahi mbili ambazo tulikuwa tumezikosea. Ndipo nikajua kwamba sasa ameingia ndani.

7. Programu hufa, alama hubaki

Tangu hapo mengi yamegeuka. Toleo la mwisho la FrontPage lilikuwa la 2003, nayo Microsoft ikaiacha. Mwaka 2005 Adobe iliinunua Macromedia kwa dola zipatazo bilioni 3.4, na Dreamweaver ikahamia kwa Adobe. Simu zenye vivinjari kamili zilipoenea, hasa baada ya mwaka 2007, kurasa zilizopimwa kwa upana wa kioo kimoja zilivunjika katika vioo vidogo. Mwaka 2010 Ethan Marcotte alieleza njia ya kusanifu ukurasa unaojirekebisha kwa kadiri ya kioo, njia ambayo haiwezekani bila kuitenga sura na alama. Uonacho, basi, hakikuwa tena lazima kiwe ndicho wanachopata wengine.

Wakati huohuo kazi ya kujenga tovuti ilihamia ndani ya kivinjari chenyewe. WordPress, iliyoanza 2003, ilileta mwaka 2018 kihariri cha kupanga ukurasa kipande kwa kipande kwa macho. Kwa upande mwingine, wiki ya kwanza ya Ward Cunningham, ya mwaka 1995, ilirudisha ile fikira ya awali kwamba msomaji aweza kuwa mwandishi. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ni tunda la fikira hiyo.

Hatuna budi pia kukumbuka juhudi za nyumbani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. OpenOffice ilikuwa na sehemu ya kuandikia kurasa za wavuti kwa macho. Kazi kubwa ya wataalamu wale ilikuwa hii yetu: kuzipa majina amri za menyu ambazo mpaka siku ile zilikuwa zikifundishwa hapa kwetu kwa Kiingereza.

8. Funzo kwa waundaji wa istilahi

Kutokana na historia hii napendekeza kanuni tatu. Ni mawazo yangu binafsi, nayaleta mbele ya wasomaji yapimwe.

Kwanza, istilahi itokane na kazi ya kitu, isitokane na sura yake. Nakiri kwamba katika rasimu yangu ya kwanza ya istilahi za tovuti nilipendekeza "maandishi makubwa" mahali pa "kichwa", kwa sababu katika menyu ya programu niliona ukubwa wa herufi tu. Laiti rasimu ile ingekubaliwa, tungemfundisha kila mwanafunzi wa Kiswahili kosa lile lile nililolitenda mimi. Kichwa kinaweza kuwa cha herufi ndogo. Hakiachi kuwa kichwa.

Pili, neno moja lisibebeshwe mambo mawili. "Jedwali" libaki kuwa safu za habari zinazohusiana. Namna vitu vinavyokaa katika ukurasa iitwe "mpangilio". Mafundi walivichanganya vitu hivi viwili kwa vitendo; sisi tusivichanganye kwa maneno.

Tatu, istilahi isifungwe na programu moja. Programu hununuliwa, hubadilishwa jina na kufa, wakati mwingine ndani ya miaka kumi. Neno kama "kiolezo" halitakufa nazo. Seremala alikuwa na kiolezo chake kabla ya kompyuta kuzaliwa, na mwanafunzi anayejifunza leo kwamba ukurasa mpya hukatwa kwa kiolezo anaelewa mara moja, kwa kuwa neno limekuja na maarifa yake.

Mwisho, tulitazame neno "kusanifu" lenyewe. Tunasanifu lugha, tunasanifu majengo, na sasa tunasanifu kurasa. Lakini wazee wetu wanajua pia maana nyingine: kumsanifu mtu ni kumfanyia dhihaka kwa maneno yenye sura ya sifa. Kwa hakika ukurasa wangu wa kwanza nilikuwa nimeusanifu kwa maana ya kwanza, kumbe nikamsanifu mwalimu kwa maana ya pili. Na istilahi yenye sura nzuri isiyoeleza kitu hutenda vivyo hivyo kwa mwanafunzi.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba wavuti ulianza kwa kumfanya kila msomaji mwandishi, ukawatenga, na kwamba programu za kusanifu kwa macho zilijaribu kuwaunganisha tena. Zilifaulu kwa sehemu kubwa, lakini zilimficha mwanafunzi kitu alichopaswa kukijua. Anayefundisha leo asiziogope programu hizo. Azitumie, ila amfunulie mwanafunzi upande wa pili tangu siku ya kwanza, na amfunulie kwa Kiswahili chenye majina ya kweli.

Wasomaji wanaofundisha kazi hii mashuleni na vyuoni wanaombwa kutuletea maneno wanayoyatumia na wanafunzi wao, hata kama si sanifu. Tungependa hasa kuyapata yale ambayo wanafunzi wameyabuni wenyewe, pamoja na maelezo ya kazi ya kitu walichokipa jina.